Ocean Road: Mlango Uliochelewa Kufunguliwa

Wajerumani walipotafuta mahali pa kujenga hospitali yao Dar es Salaam, walichagua ukingo wa bahari, pale upepo unapoingia madirishani bila kizuizi. Jengo lilikamilika mwaka 1897. Lilikuwa la Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine mjini, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, ambaye jina lake limebaki kwenye wodi ya Hospitali ya Muhimbili mpaka leo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, walirithi jengo na ubaguzi wake.

Uhuru ndio uliofungua mlango. Kwa miaka kadhaa Ocean Road ikawa hospitali ya wazazi. Mwaka 1980 ikageuzwa kituo cha tiba ya mionzi chini ya Muhimbili, na mwaka 1996 Bunge likaitungia sheria, ikawa taasisi inayojitegemea: Taasisi ya Saratani Ocean Road. Dkt. Twalib Ngoma, aliyekuwa mkurugenzi wake, aliijenga wakati ambapo wengi duniani waliiona saratani kuwa ugonjwa wa nchi tajiri.

Kazi yenyewe kwa muda mrefu ilitegemea mashine za kobalti. Kobalti hupungua nguvu, mashine itumike isitumike. Ikipita miaka mitano na miezi michache, mionzi imebaki nusu. Hapo mgonjwa hulala mezani muda mrefu zaidi ili apate dozi ileile, na waliokaa nje kwenye mabenchi huzidi kusubiri. Tena dozi haitolewi siku moja. Hugawanywa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ili seli zenye afya zipate nafasi ya kupona. Kwa miaka mingi tiba hii nchini ilipatikana Ocean Road tu. Mama aliyetoka Kigoma ilimbidi aache shamba na watoto, atafute nauli, kisha atafute ndugu wa kumhifadhi Dar es Salaam kwa wiki zote hizo. Serikali iliamua kwamba tiba ya saratani iwe bure, na uamuzi huo ni wa kusifiwa. Lakini nauli, chakula na malazi vilibaki mzigo wa familia, na wapo waliokatisha matibabu kwa sababu hiyo.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ilipoanza kutoa mionzi, watu wa Kanda ya Ziwa walipata nafuu. Mwaka 2018 Ocean Road ilipata mashine za kisasa za LINAC, ambazo hazitumii kobalti na huelekeza mionzi kwenye uvimbe kwa usahihi zaidi.

Hata hivyo, wagonjwa wengi bado hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Linaloumiza zaidi ni kwamba saratani inayoongoza kwa wanawake wanaofika hapo, ile ya mlango wa kizazi, hutanguliwa kwa miaka mingi na mabadiliko ya seli yanayoweza kugunduliwa kwa kipimo. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama: sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo. Tangu 2018 wasichana nao wanachanjwa nchi nzima dhidi ya kirusi kinachoisababisha.

Dada, mama, shangazi: nenda kapime kabla hujaumwa. Na wewe mwenye binti, usimzuie kuchanjwa.