Hoja ya kata yako ikifika Baraza la Madiwani: hujadiliwaje, na huishia wapi?

Kila robo mwaka tukirusha habari za Baraza la Madiwani, simu na meseji za wasikilizaji huja na swali lile lile: "Diwani wetu ameshalisema daraja letu barazani, mbona hakuna kilichofanyika?" Wengine huuliza kwa hasira, wengine kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Dakika tatu za habari hazitoshi kulijibu. Tumeliandika hapa ulisome kwa nafasi yako kwenye simu, na ukipenda umsomee jirani.

Jibu kwa kifupi ni hili: jambo kusemwa barazani ni kitu kimoja, na Baraza kuliamua ni kitu kingine. Mambo mengi ya vijijini kwetu husemwa, hupigiwa makofi, kisha hayaandikwi popote kama uamuzi. Ukielewa njia inayopita hoja, utajua mahali yako ilipokwama.

Baraza lako ni lipi?

Katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama kuna halmashauri tano: Manispaa ya Musoma, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, Halmashauri ya Mji wa Bunda, Halmashauri ya Wilaya ya Bunda na Halmashauri ya Wilaya ya Butiama. Kila moja ina Baraza lake, bajeti yake na Mkurugenzi wake.

Hapa wengi huchanganya. Mkazi wa Nyasho na mkazi wa Suguti wote husema "sisi ni wa Musoma", lakini wa Nyasho yuko Manispaa na wa Suguti yuko Halmashauri ya Wilaya. Ukipeleka shida ya Suguti kwa Meya wa Manispaa, atakusikiliza kwa heshima, lakini hana la kukuamulia.

Wajumbe wa Baraza ni diwani aliyechaguliwa katika kila kata, madiwani wanawake wa viti maalum, pamoja na wabunge wa majimbo yaliyo ndani ya halmashauri. Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, kwa mfano, ina kata 21 na vijiji 68, kwa hiyo sauti ya kijiji kimoja hushindana na nyingine nyingi. Kwenye Manispaa anayeongoza kikao ni Mstahiki Meya. Kwenye wilaya na mji ni Mheshimiwa Mwenyekiti. Mkurugenzi Mtendaji ndiye katibu wa Baraza, naye na wakuu wa idara hutoa maelezo lakini hawapigi kura. Mkuu wa Wilaya naye huhudhuria na kusema, bila kura.

Mabaraza haya yaliwahi kufutwa

Wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mfumo wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikaondolewa. Maamuzi mengi yakawa mikononi mwa watumishi wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Halmashauri za miji zilianza kurudishwa mwaka 1978. Sheria za serikali za mitaa tunazotumia mpaka leo zilitungwa mwaka 1982, moja ya wilaya na nyingine ya miji, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alikiri baadaye kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa kosa ambalo asingelirudia. Kwa hiyo kiti anachokalia diwani wako kiliwahi kukosekana kwa miaka zaidi ya kumi.

Hoja hupita wapi kabla ya kufika barazani?

Huanzia kwenu. Kitongoji hukaa, kisha Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mijini, kama Bunda Mjini na Manispaa ya Musoma, ngazi hiyo ni mtaa. Kutoka hapo jambo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi tunaiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, na katibu ni Mtendaji wa Kata.

Kutoka kata, jambo hupelekwa halmashauri. Kabla ya Baraza kamili, kamati za kudumu hukaa. Kwenye halmashauri za wilaya kamati kubwa ni tatu: Fedha, Uongozi na Mipango; Elimu, Afya na Maji; na Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Huko ndiko kazi kubwa hufanyika, na huko ndiko wataalamu hubanwa maswali. Jambo ambalo halikupita kwenye kamati hufika barazani likiwa jepesi, kwa sababu hakuna mtaalamu aliyelifanyia hesabu.

Siku ya Baraza kunafanyika nini?

Mkutano wa kawaida hufanyika kila robo mwaka. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, kwa hiyo robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba, na Baraza lake hukaa baada ya hapo.

Mara nyingi mkutano huchukua siku mbili. Siku ya kwanza madiwani huwasilisha taarifa za kata zao: shule, zahanati, maji, barabara, mifugo, ulinzi. Siku ya pili ni ya taarifa za kamati. Utawaona na majoho yao. Kikao hufunguliwa kwa dua, ajenda huthibitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita husomwa na kuthibitishwa, kisha huja kipengele kinachoitwa yatokanayo. Msikilizaji, hapo pasikupite. Kwenye yatokanayo ndipo Mkurugenzi hueleza yale yaliyoamuliwa mara iliyopita yametekelezwa au la. Jambo ambalo halikuandikwa kama azimio haliwezi kuonekana hapo.

Neno "hoja" lina maana mbili

Kwanza kuna hoja ya mjumbe. Hii ni pendekezo ambalo diwani huliwasilisha kwa kufuata Kanuni za Kudumu za halmashauri: hulitolea taarifa mapema, hulieleza, mwingine huliunga mkono, wajumbe hujadili, kisha huamua. Likipita linaitwa azimio, nalo lazima lishughulikiwe.

Pili kuna hoja ya ukaguzi. Hizi ni kasoro ambazo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, amezikuta kwenye vitabu vya halmashauri: malipo yasiyo na risiti, mapato yaliyokusanywa bila kupelekwa benki, mradi uliolipiwa bila kukamilika. Baraza hufanya mkutano maalum kuzipitia, na viongozi wa mkoa huhudhuria. Ukisikia redioni kwamba "halmashauri imefunga hoja", mara nyingi ni hizi za ukaguzi zinazosemwa. Maana yake majibu na vielelezo vimekubaliwa. Daraja lako halijaguswa hapo.

Baraza lina nguvu wapi?

Baraza hupitisha bajeti ya halmashauri, hupanga matumizi ya mapato ya ndani na hutunga sheria ndogo. Ushuru wa soko, wa mazao, wa mialo na wa minada hutokana na sheria hizo. Kabla sheria ndogo haijaanza kutumika, wananchi wanatakiwa kupewa nafasi ya kutoa maoni, na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ndiye huidhinisha. Tangazo likibandikwa ofisi ya kijiji, lisome. Ukinyamaza wakati huo, utakuja kulalamika mbele ya mkusanya ushuru, ambaye hana uwezo wa kubadili chochote.

Tangu mwaka 2018 sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Diwani wako ana haki ya kuuliza barazani robo hii zimetengwa shilingi ngapi na vikundi gani vya kata yake vimepata.

Wapi Baraza linaweza kuomba tu?

Hapa ndipo hasira nyingi za wasikilizaji huzaliwa. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, na Musoma mjini maji ni ya MUWASA. Barabara kama Musoma–Makojo–Busekera ni ya TANROADS. Tembo wanaotoka hifadhini na kula mahindi na mtama Bunda ni suala la mamlaka za wanyamapori chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii.

Mameneja wa taasisi hizo huitwa barazani na hujibu. Lakini fedha zao hazipangwi na Mkurugenzi wa halmashauri. Kwa mambo haya diwani anatakiwa kuomba vitu viwili: meneja aseme tarehe mbele ya kikao, na tarehe hiyo iandikwe kwenye muhtasari.

Tofauti ya maneno mawili

Nikiwa kwenye viti vya waandishi, katika halmashauri moja ambayo nitaiacha bila jina, nilisikia kalavati moja ikitajwa robo tatu mfululizo. Kila mara jibu lilikuwa "imepokelewa, wataalamu wataifanyia kazi". Nilipousoma muhtasari, kalavati haikuwamo kwenye maazimio hata mara moja. Watoto wa kijiji kile waliendelea kukosa shule kila mvua ikinyesha, na watu walikuwa wakimlaumu diwani kwamba hasemi. Alikuwa anasema sana.

Chukua mfano wa boma la zahanati ambalo wananchi wamelijenga hadi kwenye lenta. Diwani akisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, zahanati ni kilio chetu cha muda mrefu," atajibiwa kwamba kilio kimesikika. Akisema, "Naomba Baraza liazimie kwamba bajeti ijayo itenge fedha za mapato ya ndani kupaua zahanati hii, na Mkurugenzi alete taarifa kwenye Baraza la robo ya tatu," hapo kuna kitu cha kukubali au kukataa. Kuna kazi, kuna mwenye kazi na kuna tarehe.

Wewe ufanye nini?

1. Hudhuria mkutano wa kijiji au mtaa, na hakikisha jambo lenu limeandikwa kwenye muhtasari. Diwani akienda na karatasi hiyo ana nguvu kuliko akienda na maneno.

2. Jambo la fedha lipelekeni mapema. Rasimu za bajeti huandaliwa na kupitishwa barazani mwanzoni mwa mwaka, kwa kawaida Januari na Februari. Mradi ukikosa hapo, kuuingiza baadaye ni kazi ngumu.

3. Nenda ukasikilize. Mikutano ya Baraza ni ya wazi kwa wananchi na waandishi. Utakaa kama mtazamaji bila kuchangia, na simu izimwe sauti. Baraza likijigeuza kuwa kamati, kwa mfano kujadili nidhamu ya mtumishi, wageni hutoka nje.

4. Baada ya Baraza, muulize diwani: "Tumepata azimio, au limepokelewa?" Akisema azimio, muombe akusomee lilivyoandikwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu pia kuomba taarifa halmashauri kwa maandishi.

Robo ikiisha tutakuwa tena barazani na kinasa sauti. Yatokanayo tutayarusha kwanza, kabla ya hotuba.