Kichwa cha Udongo na Penseli

Hapa Kakonko nafundisha vijana kuchora uso kwa penseli, na somo la kwanza ni kichwa alichotufinyangia mama mmoja mfinyanzi. Mtu akikalishwa huchoka, akageuka. Kichwa hiki hutulia. Nakiweka kando ya dirisha, mwanga ukipige upande mmoja. Kijana ananyoosha mkono, anafumba jicho moja, anapima kwa penseli kutoka paji hadi kidevu. Ndipo anatafuta kivuli kinapoanzia chini ya pua. Wengi huuliza mbona hakina mboni. Ni makusudi: waone kwanza kwamba jicho ni mviringo uliokaa ndani ya shimo lake.

Zoezi hili lina asili ya Ulaya. Shule za sanaa za huko zilimtaka mwanafunzi achore kwanza nakala za plasta za sanamu za Ugiriki na Roma, ndipo aruhusiwe kuchora mtu hai. Mwalimu wa sanaa Margaret Trowell alisoma Slade, London, shule iliyosifika kwa uchoraji wa penseli. Lakini alipoanza kufundisha Kampala mwaka 1937, hakuwafuatisha wanafunzi wake njia hiyo. Aliwasimulia hadithi na mambo ya kwao, wakachora walichokiona akilini. Mchoraji Sam Ntiro wa Machame alipita mikononi mwake, akasoma Slade miaka ya 1950, na bado akaendelea kuchora migomba na kazi za Wachagga kwa namna yake. Cecil Todd, aliyemrithi Trowell kazini mwaka 1958, ndiye aliyetilia mkazo mafunzo ya Kizungu.

Naielewa hofu ya Trowell kuhusu njia hiyo ya Ulaya. Mtoto akianza na pua ya Mgiriki, anaweza kudhani nyingine zote zimekosewa. Ila kasoro ilikuwa kwenye kichwa kilichochaguliwa, zoezi lenyewe halina ubaya. Nasi Afrika Mashariki tuna vichwa vyetu. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba Luzira, karibu na Kampala, walifukua kichwa cha udongo wa kuchoma pamoja na vipande vya kiwiliwili. Watafiti wanakadiria kina umri wa takriban miaka elfu moja. Leo kimehifadhiwa British Museum, London.

Kwa hiyo kufinyanga uso si ugeni kwetu. Wafinyanzi tunao, udongo upo mabondeni, moto tunao. Kila sekondari ya Kibondo, Kasulu na Kakonko ipewe kichwa kilichofinyangwa na mikono ya hapa, na watoto wajifunze mwanga na kivuli kwenye sura zinazofanana na zao.