"File": Neno Moja au Maneno Matatu?

Mwanafunzi anapofungua kamusi ya Kiingereza, aghalabu hudhani kwamba maneno yenye sura moja yana asili moja. Dhana hiyo humpotosha. Neno "file" ni mfano wa kufaa, kwani Kiswahili hulifasiri kwa maneno yasiyofanana hata kidogo: tupa ya fundi, faili la karani na safu ya askari. Je, mambo hayo yalikutanaje chini ya paa moja? Jibu limo katika historia, nayo humfaa mwalimu kuliko orodha ndefu ya maana za kukaririwa.

Tuanze na chombo chenyewe. Tupa ni kipande cha chuma kigumu chenye meno madogo madogo, kitumikacho kunolea jembe, panga na msumeno, au kulainishia kingo za chuma kilichokatwa. Waingereza walikuwa na jina la chombo hiki kabla watu wa Normandy hawajaitwaa nchi yao mwaka 1066. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "feol" au "fil". Ni neno la ukoo wa lugha za Kijerumani, na Wajerumani hadi leo huiita tupa "Feile".

Faili la karani lilitoka upande mwingine kabisa. Katika Kilatini "filum" ni uzi, na Wafaransa wakaurithi uzi huo kwa jina la "fil". Zamani makarani wa Ulaya walihifadhi hati kwa kuzitoboa na kuzitunga katika uzi au waya, moja baada ya nyingine, ili zisipotee wala kuchanganyika. Desturi hiyo ndiyo iliyowapa Waingereza neno lao la pili, walilolipokea kutoka Kifaransa katika karne ya 15 na ya 16. Uzi ulipoachwa, jina lilibaki. Likahamia kwenye jalada, na katika karne ya 20 likaingia katika kompyuta, mahali pasipo uzi wala karatasi. Safu ya askari nayo ni ya ukoo huo huo wa uzi, kwani watu waliosimama mmoja nyuma ya mwenziwe hufanana na shanga zilizotungwa.

Liko na la tatu. Zamani Kiingereza kilikuwa na kitenzi "file" chenye maana ya kuchafua au kutia najisi. Shakespeare alikitumia katika tamthilia ya Macbeth. Kitenzi hicho sasa kimekufa, lakini jamaa yake "defile" angali hai.

Kwa hiyo hapa pana mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. Uzi, jalada na safu ni neno moja lililopanuka maana. Tupa, uzi na uchafu ni maneno mbalimbali yaliyogongana kwa sauti tu.

Kiswahili kina mifano ya aina zote mbili. Kitenzi "tunga" kimepanuka kama uzi wa Kilatini: twatunga shanga, twatunga samaki, na kwa kupanga maneno kwa utaratibu twatunga mashairi na sheria. Ni neno moja. Lakini "tupa" ya fundi na "tupa" ya kurusha ni maneno mawili. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 huyaeleza yote mawili. Tena jambo huzidi kutatanika tusemapo, "Mwalimu anatupa vitabu." Je, atupa sisi vitabu, au avirusha? Hata mkazo hausaidii, kwa kuwa katika hali zote mbili huangukia silabi "tu". Msemaji mwangalifu atasema "anatupatia vitabu" au "anavitupa vitabu", na shaka itaondoka.

Wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo waliosoma kwa Kifaransa wana mtego wao. Katika Kifaransa, tupa ni "lime", jalada ni "dossier", faili la kompyuta ni "fichier", na "file" ni safu tu. Lakini "lime" hiyo hiyo, ikisomwa kwa Kiingereza, ni chokaa au ndimu!

Pengine mtu atasema kwamba haya ni mapambo ya wataalamu. La, hasha. Mwongozo wa karakana ukiagiza kwamba bati likishakatwa kingo zake zipigwe tupa, na mfasiri akaandika kwamba zitiwe katika faili, mwanafunzi ataachiwa makali yatakayomkata vidole. Kosa la kamusi huweza kumwaga damu.

Basi, tunapofundisha neno la namna hii, tusiwape wanafunzi maana zote kwa mfululizo. Tuwaulize kwanza neno limo mikononi mwa nani: fundi, karani au kamanda? Wakishajibu, tuwaeleze asili yake. Mwanafunzi akijua kwamba karani alikuwa na uzi na fundi alikuwa na chuma, hatahitaji kukariri, wala hatalitafuta jina la chombo katika kabati la ofisi.