Ramani za Bahari na Hifadhi Yake Mbele ya Maji

Karatasi na maji ya chumvi ni mahasimu wa tangu na tangu, na tarehe ya ubaharia wa pwani yetu, ikitazamwa kwa upande mmoja, ni tarehe ya jitihada za kuuhifadhi ujuzi wa bahari usije ukaharibiwa na bahari yenyewe.

Hifadhi ya awali ilikuwa kifua cha nahodha. Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, ambaye zama zake zilikuwa karne ya 15, alitunga urjuza iitwayo as-Sufaliyya inayoeleza njia ya pwani hii hadi Sofala, akayapanga maarifa ya nyota, pepo na miamba kwa mizani ya shairi ili msafiri ayahifadhi kwa moyo, mahali ambapo wimbi halifiki. Na nuskha ya utungo huo, iliyohifadhiwa Leningrad, ilichapishwa na mwanachuoni T. A. Shumovsky mwaka 1957. Pamoja na shairi hilo mabaharia walikuwa na kamal, kibao cha kupimia nyota kilichofungwa uzi wenye mafundo, ambacho hakikuharibika kwa kulowa, na walikuwa na rahmani, yaani kitabu cha njia za bahari kilichonakiliwa kwa mkono. Mwenye kunakili kitabu chake mwenyewe, nadhani, alikuwa amekwisha kuhifadhi nusu yake kabla wino haujakauka.

Wazungu walikuja na utaratibu mwingine. Idara ya ramani za bahari ya Uingereza iliasisiwa mwaka 1795, na katika miaka ya 1820 Kapteni William Owen alipita pwani hii akipima kina kwa bildi, pima baada ya pima. Wachapishaji wa binafsi wa London walizibandika ramani zao juu ya karatasi nene ya buluu, zikastahimili mikono yenye maji kuliko karatasi tupu. Miaka ya 1860 Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, alipoanza kujenga mji wake wa Dar es Salaam kando ya kijiji cha Mzizima, fadhila kubwa ya mahali hapo ilikuwa bandari iliyotulia nyuma ya mlango mwembamba, ambao asiyeujua hana budi kuuliza.

Thamani ya kujua vina ilidhihirika wakati wa vita vya 1914. Chombo cha Wajerumani cha upimaji, Möwe, kilikuwa kimekwisha kuchunguza midomo ya mto Rufiji, kikathibitisha kwamba meli kubwa yaweza kupenya humo maji yakijaa. Ilhali ramani walizokuwa nazo Waingereza hazikuonyesha hivyo. Möwe yenyewe ilizamishwa na Wajerumani wenyewe katika bandari ya Dar es Salaam mwezi wa Agosti, na gudi la kuelea likazamishwa mlangoni. Lakini manowari yao Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba, ilikwenda kujificha ndani ya mikoko ya Rufiji, ikatafutwa wiki nyingi, na haikuangamizwa hata tarehe 11 Julai 1915, zilipoletwa manowari za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni. Karatasi chache za vipimo zilikuwa ngome kwa upande mmoja na kitendawili kwa upande wa pili.

Leo, katika Kariakoo ya Dar es Salaam, mtaa ulioachiwa jina na wapagazi wa vita vilevile, mwenye kutaka kupiga kasia katika kayaki hadi kisiwa cha Bongoyo au Mbudya aweza kujitengenezea ramani yake kwa gharama ndogo, nami naona katika kazi hiyo wanakili wa rahmani wamerudi. Inafaa achore au atoe kopi ya sehemu anayoihitaji tu, kwa mashine ya wino wa unga, kwani wino wa maji hutiririka ukiguswa na unyevu. Kisha aikate vipande kabla ya kupeleka kwenye laminesheni, asije akaikunja baadaye, maana nailoni hupasuka penye kunjo na maji huingia hapo. Na aache ukingo wa sentimita moja kuzunguka karatasi ili nailoni ishikane na nailoni. Tundu la kamba litobolewe ukingoni, na ukingo wa upande huo uachwe mpana zaidi. Asiye na mashine ya laminesheni ayeyushe mshumaa, apake nta, kisha apitishe pasi ya moto wa wastani juu ya karatasi nyingine. Kama mafundi wa majahazi walivyopaka sifa na deheni kwenye mbao, naye hujaza vinyweleo vya karatasi ili maji yasipate pa kuingilia.

Idara ile ya ramani za bahari ya Uingereza ilitangaza mwaka 2022 kwamba itaacha kuchapa ramani za karatasi, kisha ikaahirisha hadi angalau 2030, na mimi naona uahirisho huo ni wa haki, kwani ramani iliyo ndani ya simu iliyoishiwa chaji haisomeki mbele ya mwamba.

Tahadhari moja yatakiwa kuandikwa juu ya kila nakala: kipimo ni pima au meta, kwani tarakimu 3 katika ramani kongwe ni zaidi ya meta 5, na vina vyote huhesabiwa tangu maji kupwa sana, ilhali wakati wa bamvua bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya meta 3. Kwa hiyo nyuma ya ramani, kabla ya nailoni, ziandikwe saa za kujaa na kupwa za siku ya safari.