Msalaba wa Shirika la Kristo katika lango la Fort Jesus

Kila mwaka katika mji wa Tomar nchini Ureno, wapenzi wa historia huvaa deraya na majoho meupe yenye msalaba mwekundu, wakashika panga na ngao na kuigiza maisha ya askari watawa wa Shirika la Hekalu. Kwao hilo ni tamasha. Kwa wakazi wa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Mikindani, msalaba huo umo katika historia yao wenyewe.

Shirika la Hekalu liliasisiwa Jerusalem mnamo 1119 hivi, wakati wa Vita vya Msalaba, na likavunjwa na Papa Klementi V mwaka wa 1312. Nchini Ureno, Mfalme Dinis hakukubali mali yake iende kwingine. Mwaka wa 1319, kwa idhini ya Papa Yohana XXII, likaundwa Shirika la Kristo kuirithi. Kuanzia 1420 lilisimamiwa na Mwanamfalme Henrique, na mapato yake yakasaidia kugharimia safari za baharini. Ndiyo maana merikebu za Wareno zilibeba msalaba huo kwenye matanga.

Ujenzi wa Fort Jesus ulianza mwaka wa 1593. Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Jerónimo, aliiteka ngome hiyo na kumuua mkuu wake. Alipoihama mwaka wa 1632, Wareno walirejea.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa shirika hilo umechongwa juu ya lango. Maandishi ya Kireno yanamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeteuliwa mkuu wa ngome mwaka wa 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Yanaeleza kwamba aliijenga upya, akawalipisha kodi wafalme wa pwani, akaziadhibu Pate na Siyu, na kuwatiisha Wamusungulo, jina ambalo Wareno waliwaita watu wa bara. Yusuf anaitwa dhalimu. Miongoni mwa tuzo za Cabreira limetajwa vazi la Shirika la Kristo.

Waomani waliitwaa ngome hiyo Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu. Shirika lenyewe limebaki kuwa nishani ya taifa la Ureno.

Jiwe hilo husimulia kwa kauli ya mshindi. Mkazi wa Mikindani anayevuka Makupa kwenda kulitazama hana budi kukumbuka kuwa Wamusungulo wanaotajwa humo waliishi upande anakotoka.