Tumbaku na Simu ya Nasaha katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule kwa uzuri wa majengo yake, hapakuwa na mtu hata mmoja katika pwani hii aliyepata kunusa moshi wa tumbaku. Kule Mogadishu msafiri yule alikuwa amekirimiwa tambuu na popoo, kwa kuwa kutafuna ilikuwa ada ya waungwana wa Bahari ya Hindi, ila tumbaku ilikuwa ingali mmea wa watu wa Amerika, ambao walimwengu wengine hawakuujua mpaka safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno, walioiteka Kilwa mwaka 1505, ndio aghalabu watajwao kuwa waliueneza katika bandari zetu. Nao ulipokwisha kuzoeleka ukatiwa ndani ya tambuu, ukasagwa ugoro, ukavutwa kwa kiko. Richard Burton, aliyezuru Kilwa mwaka 1859, aliandika habari za tumbaku ya Usambara iliyotwangwa kwa vinu, ikafanywa mikate myembamba ya duara, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kupelekwa Unguja.

Waonyaji hawakukosekana. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika waraka wa kuilaani tumbaku mwaka 1604. Na huko Oman, ambako pwani hii ilifungamana nako kwa nasaba na utawala, Imamu Azzan bin Qais, aliyetawala tangu 1868 hadi 1871, aliipiga marufuku. Lakini amri humzuia mtu mbele ya kadamnasi tu, na akiwa faraghani humwacha na shauku yake. Baadaye wataalamu wakaleta hoja zao: mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wakadhihirisha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, akatoa ripoti iliyotangazwa duniani kote. Wavutaji wakaijua hatari, wengi wakaazimu kuacha, wasijue wamwendee nani.

Njia ilipatikana mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1953, mjini London, kasisi Chad Varah alianza kupokea simu za watu waliokata tamaa ya maisha, naye akaona kwamba asiyeonekana uso huthubutu kusema asiyoweza kuyasema mbele ya jirani. Hekima hiyo ikahamishiwa kwenye sigara: Uingereza ikapata simu ya namna hiyo mwaka 1988, na California ikafungua yake mwaka 1992, kwa fedha za kodi ya sigara ambayo raia wenyewe waliipigia kura. Huko California, mtafiti Shu-Hong Zhu na wenzake hawakutosheka kungoja simu ilie. Mshauri alimpigia mvutaji kabla ya siku aliyojiwekea ya kuacha, ili wapange pamoja atafanya nini shauku ikimshika, kisha akampigia tena na tena katika siku za mwanzo, maana ndizo siku ambazo wengi huteleza, na hatimaye kwa nafasi ndefu zaidi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalithibitisha kwamba waliopigiwa hivyo walifaulu zaidi.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa mwaka 2003, mwaka ule ule ambao Tanzania ilitunga sheria yake ya bidhaa za tumbaku. Nchi yetu ikajiunga na mkataba huo mwaka 2007. Ibara yake ya 14 yataka watu wasaidiwe kuacha, na mwongozo wa ibara hiyo, uliokubaliwa Uruguay mwaka 2010, ukaihesabu simu ya nasaha kuwa jambo ambalo kila nchi yafaa iwe nalo. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini hutumia tumbaku, wanaume wakiwa wengi mno kuliko wanawake. Simu za bure tunazo: 116 kwa watoto, 119 kwa habari za dawa za kulevya, 199 ya Wizara ya Afya, ila simu ya kuacha tumbaku haijapata umashuhuri wa hizo.

Zama za Shirika la Posta na Simu, mtu wa Kilwa Kivinje aliyetaka kupiga simu alikwenda posta, akangoja zamu yake, na maneno yake yakasikiwa na kila aliyekuwa nyuma yake. Leo simu imo mfukoni mwa mvuvi, pamoja na sigara aliyoinunua moja moja gengeni, na faragha iliyokosekana sasa ipo. Basi atakayeanzisha simu ya kuacha tumbaku kwa ajili ya pwani ya kusini na aanze kwa kuutazama mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wakati wa giza, wakivuta ili wasisinzie, na wakati wa mbalamwezi hukaa pwani, wakivuta kwa kukosa shughuli. Katika siku za giza, mshauri atakayepiga saa nne asubuhi atamkuta mtu usingizini, na atakayepiga usiku hatampata, kwa kuwa mtandao umebaki nchi kavu. Saa yake ni alasiri, kabla ya chombo kusukumwa majini, na siku ya kuacha ichaguliwe naye mvuvi mwenyewe, ajuaye ni majira gani kati ya hayo mawili yanayomshinda zaidi.