MAMA WA MTOTO MWENYE USONJI, HUKULAANIWA

Leo tujifunze historia kidogo, kwa sababu hapa Nakuru kuna akina mama wanaokwepa ibada kwa kuogopa swali moja: "Ulifanya nini ukiwa mjamzito?"

Swali hilo ni la zamani. Katika Yohana 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakataka kujua mwenye kosa ni yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili.

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wenye hali tunayoiita usonji. Baadaye wasomi wakawageukia akina mama: eti hawakuwapenda watoto vya kutosha. Bruno Bettelheim alilieneza jambo hilo kwa kitabu chake cha 1967. Mama alibeba mzigo wa mtoto, akaongezewa na wa aibu!

Lakini 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha Uingereza. Mapacha wa kufanana kabisa walishiriki usonji kuliko mapacha wa kawaida. Kumbe sehemu kubwa ni urithi wa damu, si ubaridi wa mama.

Mwaka 1998 ikaja lawama nyingine: chanjo. Andrew Wakefield aliandika kuhusu watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida la Lancet liliifuta makala hiyo, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Tena sikia: tangu 1971 ilijulikana kwamba rubela ikimpata mama mjamzito inaweza kumletea mtoto usonji. Chanjo ya surua na rubela, iliyoingia Kenya 2016, hukinga ugonjwa huohuo!

Hata kwetu Afrika Mashariki watu wametafuta chanzo. Mwaka 2006, Folstein huyohuyo na wenzake walitoa ripoti ya watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walithibitika kuwa na usonji, na watatu walikuwa wakikua vizuri mpaka walipougua malaria kali. Lakini saba walikuwa na dalili kabla ya malaria. Chanzo si kimoja.

Huko pwani ya Kenya, wazazi walipoulizwa na watafiti, katika utafiti uliotoka 2015, walitaja mapepo, uchawi na laana, pamoja na maradhi na shida za kujifungua. Wapendwa, sisi wa Bonde la Ufa tumeona floridi ya maji ya visima ikigeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na hatusemi mama amelaaniwa. Mbona kwa usonji tunasema?

Kuhusu chakula: haijathibitishwa kwamba kumnyima mtoto maziwa na chapati kunaponya usonji. Usimpunguzie mtoto anayechagua chakula hata kile kidogo anachokubali bila kumwona daktari.

Mzazi, ukiona mtoto haongei au haitikii jina lake, usingoje. Mpeleke hospitali, kisha kituo cha EARC kilicho karibu, apimwe na kupangiwa shule. Tutaomba pamoja nawe, na maombi hayazuii kliniki.

Nawe mshirika, Jumapili hii mtoto akipiga kelele ibadani, usigeuke kumkodolea mama macho. Msogezee kiti.